Ukipungua Watasema

Mizani ya zahanati ile iko barazani, kando ya benchi la wagonjwa. Nesi akishasoma kilo zako hakunong'onezi wewe. Anamtangazia mwenzake aliye ndani na daftari, na benchi zima linasikia.

"Tisini na nne!"

Shangazi akashuka taratibu, akatafuta ndala zake kwa vidole vya miguu. Mama mmoja aliyepakata mtoto akacheka kwa furaha ya kweli. "Hongera, mama. Mpunga unakulipa." Wawili watatu wakaitikia. Shangazi akatabasamu, akajibu kama mtu anayepokea pongezi za harusi ya mwanawe: "Tunamshukuru Mungu."

Ndani mambo yakawa mengine. Tabibu alikuwa na foleni ndefu na muda hana. Shangazi akaeleza muwasho ulioko chini ya matiti na kinenani, kwamba ulianza msimu uliopita wa kupandikiza mpunga na haujaondoka, kwamba usiku anaamka kujikuna. Hakuambiwa afunue popote.

"Mama, tatizo ni huo mwili. Fangasi zinapenda watu wanene. Punguza uzito."

Akatajiwa krimu ya kununua dukani, tukatoka.

Aliyetutangulia kwenye foleni alikuwa baba mmoja mwembamba, jaruba lake la mpunga ni la pili kutoka la shangazi. Katikati ya vidole vyake vya miguu palikuwa pamelika, ngozi imekuwa nyeupe, imelegea, inanuka. Yeye aliambiwa avae viatu.

Nilirudi mjini lakini benchi lile halikunitoka. Kilo zile zile watu walizipongeza barazani, na chumbani zikashtakiwa. Na mtu mwembamba aliyetoka kwenye mfereji ule ule naye alikuwa na fangasi.

Basi uzito una kosa gani hapa?

## Ugonjwa unakaa wapi

Kwa mliokulia Usangu, au Kyela, au bonde la Kilombero, sina haja ya kueleza kupandikiza, kule kuchomeka miche ya mpunga kwenye tope. Ninachotaka tukitazame ni sehemu ya mwili ambayo ugonjwa unachagua, kwa sababu nilipoanza kuuliza na kusoma, hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Fangasi za jamii ya choa hula keratini, ile protini ngumu iliyoko kwenye ngozi ya juu iliyokwisha kufa, kwenye kucha na kwenye nywele. Kwa kawaida haziendi zaidi ya hapo. Zinachotaka ni unyevu, joto, na ngozi iliyolainika au kuchubuka kidogo. Kati ya kidole cha nne na cha tano cha mguu pana vyote vitatu kwa mtu yeyote anayeshinda kwenye tope akaingia ndani bila kujifuta. Baba yule hakuwa na tumbo wala paja la kumsumbua. Alikuwa na nafasi hizo ndogo za vidoleni, nazo zilitosha.

Shangazi ana hizo, na ana nyingine. Chini ya matiti. Chini ya tumbo. Kinenani, ambako paja husugua paja kutoka nyumbani hadi shambani na kurudi. Na huko kwenye mikunjo ya juu, mara nyingi mkosaji si yule wa vidoleni. Ni kandida, aina ya hamira inayoishi nasi siku zote, mdomoni, tumboni, sehemu za siri, bila kutudhuru mpaka ipate mahali pa joto na majimaji. Hiyo haitoki kwenye jaruba, wala mfereji haujaileta.

Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuingia zahanati na magonjwa mawili yenye vyanzo viwili, akatoka na sentensi moja.

Usangu ni nchi ya ng'ombe pia, na hilo linaongeza njia ya tatu. Choa cha ndama huhamia kwa anayemshika, kikatokea mikononi, shingoni au usoni, duara lenye kingo zilizoinuka. Wajukuu wa shangazi walikuwa na mapunye kichwani wakati huo huo, ila hayo sidhani yalitoka kwa ndama. Walilala kitanda kimoja na kunyolewa kwa mashine moja.

Jambo jingine, maana limenisumbua: picha nyingi za fangasi mtandaoni ni za ngozi nyeupe, na maelezo yanasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi ya shangazi hakukuwa na wekundu. Palikuwa na weusi uliokolea, wenye kijivu kidogo pembeni, na magamba membamba ukingoni. Mtu akisubiri wekundu atasubiri sana.

## Taulo isiyofika

Nilitaka sana tabibu yule awe amekosea. Hakukosea kabisa.

Mwili mkubwa una joto jingi la kutoa, kwa hiyo unatoka jasho zaidi. Ngozi ikilalia ngozi, jasho halipati upenyo wa kukauka. Inalainika, inasuguana, inachubuka, na ule uasidi wake mdogo unaosaidia kufukuza vijidudu unapungua. Hapo kandida hupata makao. Halafu kuna sukari. Uzito ukizidi kwa miaka mingi, insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, huanza kufanya kazi kwa shida, na sukari ikibaki juu kwenye damu, fangasi hustawi huku kinga ikizubaa. Ndiyo maana mtu mnene mwenye fangasi za mikunjo zisizokoma anapaswa kupimwa sukari kabla ya kuhubiriwa. Siku ile shangazi hakupimwa.

Kisha kuna shingo yake. Nyuma ya shingo, na makwapani, shangazi ana weusi mnene unaoteleza vidoleni kama mahameli. Kwa miaka amekuwa akiusugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia, akidhani ni uchafu wa shamba, baadaye akidhani ni fangasi, akaupaka kila alichopaka kwingine. Si uchafu, si fangasi. Mara nyingi ni alama kwamba insulini inahangaika. Ngozi ilikuwa ikitoa habari ya damu muda wote huo, na sisi tukawa tunaisugua.

Lakini kilichonigusa zaidi kati ya yote haya ni kidogo na hakina kemia ndani yake.

Shangazi hafikii vidole vyake vya miguu.

Tumbo linamzuia, na goti la kulia limechakaa. Anaoga amesimama, kwenye bafu la mabua lisilo na kigoda, anamwagia miguu maji, anavaa ndala, basi. "Kausha vizuri katikati ya vidole" ni ushauri ulioko kwenye kila karatasi ya afya niliyoisoma. Kwake yeye ushauri huo unahitaji mtu wa pili, na mume wake alishafariki.

## Mkulima ananenepaje?

Nilipowasimulia rafiki zangu, wa kwanza kuuliza aliuliza hivyo. Mtu anaamka alfajiri, analima, anapandikiza, anene kwa lipi? Vichwani mwetu unene ni wa ofisini na wa daladala. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015-16 uliwakuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au unene. Mjini zaidi, ndiyo. Ila vijijini nako wapo, na wamo waliopita umri huo, kama shangazi, ambao utafiti haukuwapima.

Nikaipitia miaka yake mmoja baada ya mwingine, jinsi ninavyoikumbuka.

Nilipokuwa mtoto alilima kwa jembe la mkono. Palizi ilikuwa ya kung'oa kwa mikono, mara mbili. Mpunga ulikatwa kwa mundu, ukabebwa kichwani hadi kwenye uwanja wa kupigia. Shambani alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Leo pawatila, lile trekta dogo la kushikwa kwa mikono, inalima na kuvuruga. Magugu anakuja kijana wa kulipwa na bomba mgongoni kuyapulizia dawa. Kwenye majaruba makubwa kombaini inavuna. Bodaboda inampeleka hadi kwenye ukingo wa mfereji.

Kilichobaki mikononi mwake ni kupandikiza.

Hebu lisomeni tena hilo, maana mimi lilinichukua muda. Kazi zilizokuwa zikiunguza mwili zimechukuliwa na mashine na dawa. Iliyobaki ni ile ya kuinama majini kutwa, nguo imelowa hadi kiunoni, Januari na Februari, jua la Usangu mgongoni. Mwili wake umekuwa mkubwa, na ile saa ya maji haikupungua hata kidogo. Na simwonei mtu wivu kwa mashine. Aliyewahi kulima jaruba kwa jembe hawezi kutamani lirudi.

Chakula nacho kinajulikana: wali mchana, wali au ugali usiku, mafuta ya kupima, chai yenye sukari ya kutosha kijiko kisimame. Umri umepita hamsini. Sitaki kukaa hapo sana.

Kuhusu kipimo chenyewe, kwa sentimita 158 na kilo 94, uwiano wake unakaribia 38, na mpaka wa unene ni 30. Hesabu hiyo ya kugawa kilo kwa urefu mara urefu ilianza karne ya 19 kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mwanahesabu na mwanafalaki aliyekuwa akimtafuta binadamu wa wastani. Hakuwa daktari. Haioni ni misuli au mafuta, wala haijui kama mtu anaweza kufikia miguu yake. Inafaa kwa mwanzo wa mazungumzo.

Mazungumzo hayo nikaamua kuyaanzisha mimi.

## "Mwanangu, watasema"

Nilikwenda na mpango wangu wote. Nilikuwa nimeuandika kwenye simu. Punguza sukari kwenye chai, punguza wali wa usiku, tembea asubuhi badala ya bodaboda. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho akichambua mchele kwenye ungo. Hakuna hata kimoja alichokipinga.

Kisha akasema, bila kuinua macho: "Mwanangu, mimi nikipungua hapa, watasema."

Sikuhitaji kuuliza watasema nini.

Nchi hii ilijifunza kusoma miili katika shule mbaya. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi hapa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa ule kwa jina la kukonda. Mkoa wetu wa Mbeya, wenye barabara kuu ya Zambia ikipita katikati, ulizika na kuzika. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004, na kabla ya hapo kila kijiji kilijua hatua zinavyofuatana: mtu anapungua, ngozi inaharibika, mkanda wa jeshi, kikohozi, msiba. Umri wa shangazi ni wa watu walioona hayo yote kwa macho yao, nyumba kwa nyumba.

Sasa mpe mama huyu, mjane, fangasi zisizokoma. Tayari ana alama moja. Kinachomlinda ni nini? Ni zile kilo tisini na nne zilizotangazwa barazani.

Kwa hiyo tabibu alipomwambia apungue, alimwambia avue nguo pekee iliyokuwa ikimsitiri.

Akanieleza zaidi, na hili sikulitegemea. Mwenye pawatila humlimia kwa kukopeshana, malipo baada ya mavuno. Mbolea vivyo hivyo. Hakuna karatasi, ni kuaminiana. "Wananikopesha kwa sababu wananiona nimesimama," alisema. "Nikianza kukauka, nani ataniachia mbolea yake? Atajua mwezi wa sita nitakuwepo?"

Nilinyamaza. Mpango wangu ulikuwa bado umewaka kwenye simu.

Niliwahi kumuuliza kama amepima. Amepima, zaidi ya mara moja, na hana maambukizi. Kadi ya majibu iko sandukuni. Lakini huwezi kuivaa kifuani ukienda mnadani Igurusi. Na hata angekuwa nayo maambukizi, mwenye kumeza dawa zake sawasawa siku hizi ananenepa na kulima kama wengine. Kijiji kinalijua hilo kwa akili. Jicho bado halijajifunza.

Usiku ule sikulala vizuri. Presha, magoti, sukari: uzito ule unamdhuru, na hilo halibadiliki kwa sababu ya maneno ya watu. Maneno ya watu nayo yanaweza kumkosesha mbolea, na bila mbolea hakuna gunia. Nilikuwa nimekuja kumwokoa na kitu kimoja, nikiwa sijajua kinamwokoa na nini.

## Krimu ya siku mbili

Asubuhi akaniletea ile krimu nimsomee, maana miwani ilivunjika. Maandishi yalikuwa madogo mno. Nilipoyapiga picha na kuyakuza, nikaona dawa tatu ndani ya tyubu moja: moja ya fangasi, moja ya bakteria, na klobetasoli.

Klobetasoli ni steroidi ya kupaka, miongoni mwa zile kali kuliko zote. Kazi yake ni kuzima uvimbe na muwasho. Inazima kweli, ndani ya siku mbili unalala usingizi. Tatizo ni namna inavyofanya hivyo: inaituliza kinga ya ngozi, na kinga ikishatulia fangasi hubaki peke yake na chakula chake. Duara linapoteza kingo zake, linatambaa, linafika matakoni na mapajani, na hata daktari akiliangalia anaweza asilitambue. Ukiacha kupaka, muwasho unarudi kwa hasira, unakwenda kununua tyubu nyingine. Shangazi alikuwa amezunguka humo msimu mzima. Mapajani kwa ndani ngozi ilikuwa imekonda, ina michirizi mipya, na si ya kunenepa.

Nusu ya wanawake wa kitongoji wanaijua krimu hiyo. Wengine huipaka usoni ing'arishe. Inauzwa pamoja na sabuni na viberiti, na anayeiuza hana nia mbaya. Amewaona wateja wakirudi wakishukuru.

India imeonyesha mwisho wa njia hii. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa madaktari wa kule wanapambana na choa sugu kinachoenea mwili mzima na kwa familia nzima, na miongoni mwa sababu wanazozitaja ni krimu za aina hii hii, steroidi kali pamoja na dawa ya fangasi, zinazouzwa bila cheti. Aina moja ya fangasi huyo ilipewa jina lake mwaka 2020, Trichophyton indotineae, na mara nyingi haisikii terbinafini, dawa iliyokuwa ikitegemewa. Imeshaonekana mabara mengine.

Tulikwenda hospitali ya mbali kidogo, ambako kuna tabibu wa ngozi. Wengi wa matabibu hawa wamepita kwenye kituo cha mafunzo kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kinachofundisha fani hiyo tangu 1992, na ukikaa mbele ya mmoja wao unaona tofauti kabla hajasema neno. Huyu alifunga mlango. Alimwomba shangazi ruhusa. Alimulika kwa tochi chini ya titi, kinenani, katikati ya vidole, nyuma ya shingo. Akakwangua magamba kidogo ukingoni, akayaweka kwenye kioo na tone la potasiamu haidroksidi, akatazama kwenye hadubini.

Kinenani: nyuzi za fangasi wa choa, nyingi. Chini ya titi: kandida. Vidoleni: choa.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 6.4. Si kisukari. Si salama pia.

Krimu ya dawa tatu aliizuia palepale, akaonya kwamba muwasho utazidi kwanza kabla haujapungua. Akampa klotrimazoli ya asilimia 1, kupaka mara mbili kwa siku, kupita ukingo wa ugonjwa kwa upana wa vidole viwili, na kuendelea wiki mbili baada ya ngozi kuonekana imepona. Hapo kwenye kuendelea ndipo wengi tunapoangukia. Kwa kinena, kwa kuwa ugonjwa ulishatambaa, akaongeza vidonge. Nilimuuliza kuhusu vidonge vya ketokonazoli ambavyo jirani alivisifia, akatikisa kichwa: vinaweza kuumiza ini, na mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilishauri viondolewe kwenye matibabu ya fangasi. Marashi ya kizamani ya Whitfield, yale ya asidi ya benzoiki na salisiliki, alisema bado ni dawa nzuri na ya bei ndogo kwa miguu, ila yasiguse kinena kilichochubuka. Yataunguza.

Kuhusu weusi, akasema utabaki miezi kadhaa baada ya ugonjwa kuisha. Ni kovu la rangi tu. Usiupake dawa.

Halafu akauliza swali ambalo kwangu lilistahili nauli yote: "Mama, nguo za ndani unaanika wapi?"

Shangazi akaona haya. Anaanika chini ya kanga, kwenye kamba ya nyuma ya nyumba, zisionekane na wakwe. Kama mama yangu. Kama mimi nilivyofundishwa. Hazipati jua, zinakauka nusu, zinavaliwa. Juu yake taiti ya nailoni, juu yake kitenge kilicholowa tangu saa mbili asubuhi.

Hakuna mizani inayopima hayo.

## Kuhusu buti

Baba jirani aliambiwa avae viatu, nami nilidhani huo ndio ushauri mwepesi kati ya miwili. Nendeni mkapandikize na gamubuti kwenye jaruba lililovurugwa. Tope linalishika, unatoa mguu, buti linabaki. Buti linafaa kwenye matuta, kwenye mifereji, kwenye kuzuia kichocho na kukanyaga vitu vyenye ncha. Lakini likiingia maji juu, mguu unashinda ndani ya supu. Madaktari wa jeshi la Marekani waliliona hilo kwenye mashamba ya mpunga ya Delta ya Mekong miaka ya 1960: askari waliokaa siku mbili tatu na buti na soksi zilizolowa walitolewa vitani kwa miguu tu. Kilichosaidia zaidi ni kuwaondoa majini wakauke.

Kwa hiyo baba yule namshauri nini? Kitambaa kikavu kwenye mfuko wa nailoni, apumzike saa sita ukingoni, ajifute kidole kwa kidole, aote jua. Yeye miguu yake anaifikia.

Kwa shangazi tumepeleka kigoda bafuni. Mjukuu mkubwa, wa kike, ndiye anayemfuta vidole jioni. Alilalamika siku za mwanzo.

## Simu

Muwasho wa shangazi ulikwisha kabla ya mavuno. Chini ya titi la kushoto hurudi kidogo joto likizidi, anaweka kitambaa cha pamba kilichokunjwa, anapaka mapema. Kamba ya nguo imehamia upande wa jua, imezungushiwa mabua. Wakwe wamezoea.

Uzito tuliuacha. Sikuutaja tena, naye hakuutaja, mpaka mpunga ulipouzwa na madeni yakalipwa yote, la pawatila na la mbolea. Siku ile ile alinipigia, akaniambia sasa hana deni la mtu, anaweza kuanza. Chai bila sukari. Shambani kwa miguu, polepole, goti likikubali. Akaniomba kitu kimoja: kupimwa kilo awe anapimwa kule kwa tabibu wa ngozi, mlango ukiwa umefungwa.

"Na wakikuuliza," akasema, "wewe ndiye shahidi wangu."

Zimepungua chache tu. Mtu asiyemjua hawezi kuona.

Wiki iliyopita jirani yake, mama mwema sana, aliyekuwa wa kwanza kufika siku mume wa shangazi alipofariki, alinitafuta kwa simu. Tukasalimiana kwa urefu, za watoto, za kazi, za mvua. Kisha akashusha sauti, akaniuliza shangazi anaumwa nini.

Nikamwambia haumwi. Ameshauriwa na daktari apunguze mwili kwa ajili ya magoti na sukari, na anafuata.

Akakaa kimya kidogo.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ndivyo wanavyosemaga."